Kofia ya gego: zirkonia, kauri juu ya chuma, au dhahabu? Nina wiki moja ya kuamua

#1 Gego_Bovu
Wakuu habari za jioni. Nina gego ambalo daktari kasema lazima livikwe kofia, yaani ganda la bandia la kulifunika lote. Kanipa chaguo tatu: zirkonia tupu (kauri nyeupe ngumu sana), ile yenye chuma ndani na kauri juu, na dhahabu. Nirudi baada ya wiki nikiwa nimeamua. Nimesoma mpaka macho yanauma, kila mtu anasifia yake. Mliovaa, ipi inadumu? Naomba majibu mafupi.

#2 Mzee_Kifimbo
Dhahabu.

#3 Sauda_K
Gego lipi mkuu? La juu au la chini? Limetibiwa mzizi au bado lina uhai? Limevunjika, limeoza, au lina kizibo kikubwa? Unasaga meno usiku? Huwezi kuuliza kiatu gani kizuri bila kutuambia unaenda harusini au shambani.

#4 Gego_Bovu
Samahani dada. La chini kulia, la pili kutoka mwisho. Limezibwa mara tatu. Kusaga meno hapana.

#5 Sauda_K
Na mzizi??

#6 Gego_Bovu
Ndiyo, ulitibiwa miezi minne iliyopita. Maumivu yakaisha, nikaona hakuna haraka. Kwanza hivi kweli kofia ni lazima? Haliumi, natafunia vizuri tu.

#7 Tabibu_wa_Kinywa
Hilo la "haliumi" ndilo linaloponza watu. Maumivu ni kengele, na kwenye jino lako kengele imeshatolewa. Likianza kupasuka hutasikia kitu mpaka kipande kibaki mdomoni.

Watu hudhani jino lililotibiwa mzizi linadhoofika kwa kuwa limekufa na kukauka kama kuni. Kinachodhoofisha zaidi ni kile kilichochimbwa. Mtafiti Reeh na wenzake walipima jambo hili na kuchapisha mwaka 1989: tundu la kuingilia kwenye mzizi peke yake lilipunguza ukakamavu wa jino kwa asilimia 5 tu hivi. Lakini jino lililochimbwa katikati, likakatwa na kingo zake za mbele na nyuma, lilipoteza kama asilimia 63. Kingo hizo ni kama pete ya pipa. Zikiondoka, kila unapotafuna vilele vya gego vinasukumwa nje, kila kimoja upande wake, mpaka siku kimoja kinabanduka. Kizibo kinajaza shimo, hakirudishi pete. Kofia inairudisha, kwa sababu inakumbatia jino lote mpaka karibu na fizi na nguvu ya kutafuna inabebwa na vilele vyote kwa pamoja.

Jino la mbele lenye tundu dogo mara nyingi linaweza kuishi bila kofia. Gego lililozibwa mara tatu, mimi nisingesubiri hiyo miezi minne.

Sasa swali langu, na kwangu ni kubwa kuliko la zirkonia na dhahabu: jino lenyewe limebaki kimo gani juu ya fizi? Kofia inatakiwa ishike ukingo wa jino zima, si wa kizibo, wa kama milimita 2, kuzunguka pande zote. Bila huo, hata ukivishwa almasi itang'oka, au mbaya zaidi itapasua mzizi.

#8 Gego_Bovu
Asante daktari. Hilo sikuuliza. Alinionyesha eksirei nikaitikia tu kwa kichwa. Kwa hiyo zirkonia au?

#9 Fundi_wa_Nta
Nimekaa maabara ya meno miaka 17, hizi kofia nazitengeneza kwa mikono hii. Chukua zirkonia.

Zirkonia ngumu ya magego huhimili megapaskali (kipimo cha nguvu) zaidi ya 900 ikipindwa. Kauri ya lithiamu, ile nzuri ya meno ya mbele, ni 400 hivi. Na ile kauri inayopakwa juu ya chuma haifiki hata 150, ndiyo maana mnaona inamegeka vipande na chuma kinabaki kinang'aa. Halafu jino lazima lichongwe zaidi, milimita 1.5 hadi 2 upande wa juu, maana kuna nafasi ya chuma, ya rangi ya kuficha chuma, na ya kauri yenyewe. Zirkonia tupu inatosheka na milimita 1 hadi 1.5. Fizi ikishuka, ile ya chuma inakuonyesha mstari mweusi shingoni mwa jino. Kwenye gego la chini nani atauona, sawa, lakini upo.

Ila niseme ukweli: kofia nyingi zinazorudi kwangu hazirudi kwa sababu ya malighafi. Zinarudi kwa sababu nililetewa chapa ya jino ambayo ukingo hauonekani, nikabahatisha. Kofia isiyokaa sawa ukingoni ni mlango wazi wa kuoza.

#10 Mzee_Kifimbo
Mbona dhahabu umeiruka fundi?

#11 Fundi_wa_Nta
Siku hizi hatuletewi sana mzee.

#12 Mzee_Kifimbo
Kutoletewa si ubaya wake. Mimi nina ya dhahabu tangu 1991, imeshuhudia madaktari wawili wakistaafu. Haijamegeka, haijatoka. Inachongewa kidogo, inakaa ukingoni kama ngozi, na inasagika taratibu pamoja na meno mengine. Hiyo zirkonia yenu ni jiwe, italila jino la juu.

#13 Fundi_wa_Nta
Hilo la jiwe ni uvumi mzee wangu. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri inalitendea jino la juu upole kuliko kauri ya kawaida. Inayokwangua ni ile ambayo daktari kaisaga kurekebisha meno yanavyokutana, kisha akaiacha na mikwaruzo. Akiisaga, aing'arishe upya. Ukiwa kwenye kiti usione haya kumwambia.

#14 Kinanda88
Mimi nitaeleza yangu, mtanisamehe urefu.

Gego la juu, lilikuwa hai bado, likavikwa ile ya chuma na kauri. Siku ya kwanza lilichongwa, likachukuliwa chapa, nikawekewa kofia ya muda ya plastiki nirudi baada ya wiki mbili. Siku ya nne ile ya muda ikatoka wakati napitisha uzi wa meno. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwenye kofia ya muda uzi unauingiza, halafu unauchomoa kwa ubavuni, huuvuti kurudi ulikoingilia. Nikaiweka mfukoni. Nikasema wiki mbili si nyingi, nitatafunia upande mwingine.

Jino halikai likikungoja. La jirani likaegemea, lenyewe likashuka kidogo. Kofia yenyewe ilipofika haikuingia. Badala ya kuchukua chapa upya, daktari akaikwangua ubavuni, akaisukuma, akaipiga gundi. Nilipong'ata nikamwambia inatangulia kugusa. Akasema nitaizoea. Sikuizoea. Jino lilianza kuuma kwa baridi, baadaye kwa moto, mwishowe kwa hewa tu, na likatobolewa kwenye hiyohiyo kofia ili litibiwe mzizi.

Kisha ikaja harufu. Kila nikipitisha uzi, harufu. Miaka mitatu baadaye nikiwa napiga mswaki kofia ikaanguka kwenye sinki, nzito kidogo kuliko nilivyotarajia. Nikaigeuza. Ndani mlikuwa na jino langu, limeoza na kukatika kwenye fizi. Mzizi ukang'olewa mwezi huohuo. Kwa hiyo nikisikia mtu anauliza ipi inadumu, nacheka kidogo. Kofia haiozi. Jino chini yake linaoza.

#15 Sauda_K
Pole sana ndugu. Fizi bado ina ganzi na mtu anaambiwa atazoea!

#16 Tabibu_wa_Kinywa
Pole Kinanda. Na kwa wengine: kofia ya muda ikitoka, rudi siku hiyohiyo au kesho yake. Na msiibandike kwa gundi ya viatu, nimewahi kuletewa. Pia mjue, jino hai likichongwa, mengine mshipa wake hufa baadaye hata kazi ikiwa safi. Ni hatari ndogo lakini ipo.

#17 Mama_wa_Wawili
Samahani kuingilia uzi. Mwanangu wa miaka sita kavikwa kofia ya chuma kwenye gego la utoto. Hawakumchoma sindano wala kuchonga, waliisukuma tu juu ya jino bovu. Sasa meno hayafungi vizuri. Nimeibiwa?

#18 Tabibu_wa_Kinywa
Hapana mama, hujaibiwa. Njia hiyo inaitwa ya Hall, kwa jina la Norna Hall, daktari wa meno wa Uskoti aliyeitumia kwa watoto. Uozo unafungiwa ndani, unakosa chakula, unasimama. Meno ya watoto hujipanga upya, ndani ya wiki chache yatafunga. Kofia itadondoka pamoja na jino la utoto wakati wake ukifika. Akianza kuuma usiku au fizi ikavimba, mrudishe. Kwa mtu mzima usijaribu kuomba hiyo, meno yetu hayasamehi hivyo.

#19 Mama_wa_Wawili
Mungu akubariki. Yeye anafurahia tu, anajiita roboti.

#20 Mpita_Njia
Kwa nini msimwambie ang'oe aweke implanti, lile jino la bandia la skrubu ndani ya mfupa, yaishe? Haiozi.

#21 Sauda_K
Haiozi, lakini fizi na mfupa unaoishika vinaweza kuugua. Na ukishang'oa hakuna kurudi. Mzizi wako mwenyewe ukiwa mzima, unaung'oa wa nini? Mimi hata kofia nzima ningeiulizia mara mbili. Langu lilifanyiwa kofia nusu, kauri inayofunika vilele tu bila kuchonga kuta zote. Mwaka wa sita huu. Gego_Bovu, muulize daktari kama kuta zako za pembeni zinafaa.

#22 Gego_Bovu
Jamani kuna jambo. Mke wangu kasoma uzi huu. Anasema mimi nasaga meno usiku kama kinu, ila hakutaka kuniudhi.

#23 Sauda_K
SI ULISEMA HAPANA.

#24 Gego_Bovu
Nilikuwa nimelala dada.

#25 Fundi_wa_Nta
Basi ile ya kauri juu ya chuma ifute kabisa. Zirkonia, na utengenezewe kinga ya kuvaa usiku.

#26 Mzee_Kifimbo
Anayesaga meno ndiye hasa wa dhahabu.

#27 Mpita_Njia
Mzee, na ukiimeza hiyo dhahabu? Maana mimi yangu ilitoka nikiwa nakula, sikuiona tena. Nilikagua siku tatu. Msiniulize nilikagua nini.

#28 Tabibu_wa_Kinywa
Ikienda tumboni mara nyingi hupita yenyewe. Ukianza kukohoa au kupumua kwa shida, usikague chochote, kimbia hospitali, huenda imeingia njia ya hewa.

#29 Kinanda88
Uliipata?

#30 Mpita_Njia
Nimesema msiniulize.

#31 Gego_Bovu
Nimempigia daktari kuhusu ule ukingo wa milimita 2. Kumbe hizo chaguo tatu alinipa kabla hajatoa kizibo cha zamani. Anasema atakitoa Alhamisi aone kilichobaki. Upande wa ulimini huenda jino limekatika chini ya fizi, na ikiwa hivyo itabidi apunguze fizi kidogo kwanza, labda na mfupa, ndipo kofia ipate pa kushika. Nilipomuuliza ikiwa haiwezekani je, akasema tuone kwanza.

#32 Sauda_K
Hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza. Tuletee habari Alhamisi.

#33 Mzee_Kifimbo
Muulize pia kama dhahabu wanayo kweli, au walikuwa wanaitaja tu.