Msaada wakuu: kill -INT kwenye skripti ya bash, mtoto hashtuki kabisa

pwani_dev
Wakuu habari za saa hizi. Nina skripti ya bash inaanzisha programu ya Python nyuma kwa &, kazi yake kusoma vipimo vya joto na kuandika kwenye CSV, nimeiwekea except KeyboardInterrupt ili ikikatishwa ifunge faili kwanza. Nikiirun peke yake kwenye terminali Ctrl+C inafanya kazi safi. Ila ndani ya skripti nikipiga kill -INT $pid (yaani kutuma SIGINT, ile signali ya Ctrl+C, kwa prosesi yenye namba $pid) kimya, hakuna error wala nini, prosesi inadunda tu. kill -9 inaiua ila CSV inakatikia njiani. Tatizo nini?

mzee_wa_terminali
Signali inafika mkuu, ila mtoto (prosesi iliyoanzishwa na skripti) anaipuuza toka anazaliwa. Ndani ya skripti job control (usimamizi wa kazi za nyuma wa shell) imezimwa, na kwa sheria ya POSIX (kiwango cha mifumo ya Unix) chochote unachoanzisha kwa & hapo kinaanza kikipuuza SIGINT na SIGQUIT (ile ya Ctrl+\), ili Ctrl+C isifagie kazi za nyuma. Python nayo ikiwaka ikakuta SIGINT inapuuzwa inaiacha hivyo hivyo, kwa hiyo KeyboardInterrupt yako haitokei ng'o. Piga `grep SigIgn /proc/$pid/status`, namba ikiishia na 6 ndo hiyo (2 ya SIGINT, 4 ya SIGQUIT). Ukiwa umetumia nohup, inayofanya SIGHUP (1) nayo ipuuzwe, itaishia na 7.

dadaroot
Mimi ningemaliza kwenye Python yenyewe, juu kabisa weka
`signal.signal(signal.SIGINT, signal.default_int_handler)`
basi. Kuna watu watakwambia tumia tu kill -TERM (SIGTERM, signali ya kuiambia prosesi ijifunge), sawa hiyo haipuuzwi, lakini Python haina cha kufanya na SIGTERM usipoiwekea handler (kodi ya kuishughulikia), inakufa papo hapo na CSV yako iko vilevile.

pwani_dev
Asante dada imekubali. Je kama programu si yangu siwezi kuigusa?

mzee_wa_terminali
Weka `set -m` juu ya skripti. Hapo kila kazi ya & inapata kikundi chake cha prosesi na SIGINT haipuuzwi tena. Ila sasa Ctrl+C ya terminali haimfikii mtoto, inaishia kwa skripti, so ipeleke mwenyewe kwa trap (inashika signali ikifika kwenye skripti):
`trap 'kill -INT -- -$pid; wait $pid' INT TERM`
Ile alama ya kutoa kabla ya $pid ndo inapiga kikundi kizima, wajukuu wote humo. Na usiisahau wait, skripti isije ikatoka kabla mtoto hajamaliza kuandika.

pwani_dev
Mbona kill inasema No such process? Mstari wangu ni `python3 soma.py | tee log.txt &`

dadaroot
$! (uliyojazia $pid) hapo inakupa PID, yaani namba ya prosesi, ya tee, yule wa mwisho kwenye bomba, wakati kikundi kinabeba namba ya python3. Tumia `kill -INT %1` (%1 ni kazi ya nyuma namba 1), au achana na tee uandike `> log.txt 2>&1 &`. Halafu usiiite kwa `sh skripti.sh`, kwenye Ubuntu hiyo ni dash (shell nyingine, si bash), na ikiwa ndani ya cron (kiratibu cha kazi za muda maalumu) ambako hakuna terminali set -m inagoma.