Kuchomoa bastola: nimekwama kwenye sekunde 1.5

Mlengaji7
Wakuu, napiga IPSC (mashindano ya kulenga shabaha kwa kasi na usahihi), daraja la Production, yaani la bastola za kawaida za kiwandani. Kuchomoa hadi risasi ya kwanza, shabaha ikiwa mita 7, sishuki chini ya sekunde 1.5. Nikiharakisha napata C ya kushoto, yaani risasi inatua nje ya A, eneo la katikati lenye pointi nyingi. Muda nikate wapi?

Mtutu_Chini
Usikate njiani, yaani bastola ikiwa hewani. Muda mwingi hupotea kabla haijatoka kwenye holsta (ala yake). Bastola tupu, magazini tupu, risasi zote zikae chumba kingine. Weka taima ilie mara mbili, mlio wa pili uje baada ya sekunde 0.6. Kabla ya mlio huo mkono uwe umeushika mpini kikamilifu, basi. Usichomoe. Ukizoea shuka 0.5, halafu 0.4. Kagua panda ya gumba na kidole cha shahada: lazima ibane juu kabisa ya mgongo wa mpini. Ikiacha upenyo utarekebisha mshiko hewani, na huko ndiko 1.5 yako inakoliwa. Mkono wa pili uondoke pamoja na wa kwanza, ukangoje kifuani.

DadaShabaha
Hiyo C, kama unatumia mkono wa kulia, mara nyingi ni trigga kukwapuliwa huku kiganja kizima kikibana. Pandisha bastola hadi kifuani, mikono ikutane, ndipo uisukume mbele moja kwa moja. Ikipita kwa upinde, saiti (kilengeo) itafika ikiyumba. Mtutu ukishaelekea shabaha, anza kuondoa ulegevu wa trigga wakati mikono inanyooka. Kidole kisiingie kabla ya hapo! Kanuni husamehe mtutu kupita mguuni mwako wakati wa kuchomoa endapo tu vidole viko nje ya kikingio cha trigga. Vinginevyo umetolewa mashindanoni.

Mlengaji7
Asanteni. Nilenge sekunde ngapi?

Mtutu_Chini
1.2 yenye A inatosha kwa sasa. Production huhesabiwa kwa alama za risasi za nguvu ndogo: A pointi 5, C pointi 3. Kwenye steji (zoezi moja la mashindano) ya hiti fakta 6, yaani pointi 6 kwa kila sekunde, pointi 2 ni sawa na sekunde 0.33. Ukiokoa 0.2 ukapata C, umekula hasara. Tena kuchomoa kwa kawaida ni mara moja kwa steji, ila kuhama shabaha hadi shabaha hujirudia. Mshiko ukishakaa, mazoezi yapeleke huko.