Mrejesho: ile mistari ya tornado iliyokimbilia baharini

Wakuu, ni yule wa Mikindani niliyeuliza kwa nini ramani yangu ya tornado (vimbunga vyembamba vya upepo unaozunguka) za Marekani (data ya kuanzia 1950) imechora mistari kutoka Oklahoma hadi Ghuba ya Guinea. Mlioniambia nikague safu za mwisho wa njia mmepatia. Nimefungua jedwali nikakuta latitudo 0, longitudo 0. Yaani haikujulikana tornado iliishia wapi, na kompyuta ikachukua sifuri kuwa ni mahali, pale pale Ghuba ya Guinea. Hizo nimezichora kama nukta, bahari imetulia.

Ila lililonitoa jasho ni madaraja ya ukali. Nilidhani upepo umepimwa! Kumbe kwa sehemu kubwa wanakadiria kwa uharibifu: paa limeng'oka, ukuta umelala. Ikipita nyikani huweza kupewa daraja dogo hata kama ilikuwa kali. Nilipomsimulia mama akacheka, "Sasa ukipita kwenye mikorosho ya babu yako nani ataandika?" Na zile za miaka ya 1950 na 1960 zilipewa daraja baadaye, kwa kusoma magazeti ya zamani. Upana wa njia ya tornado nao ni hivyo hivyo: zamani waliandika wa wastani, katikati ya miaka ya 1990 wakahamia upana wa juu kabisa. Ningelinganisha tu kichwakichwa ningeumbuka.

Sentensi ya "tornado zinaongezeka" nimeifuta. Rada na watu wa kuripoti nao wameongezeka. Kazi nakabidhi Ijumaa, umeme ukiruhusu.