Ritani za KRA (mamlaka ya kodi Kenya): wewe hujipanga vipi kabla ya Juni? Tupeane uzoefu

Binti wa Likoni
Hamjambo? Kufaili, yaani kuwasilisha ritani ya kodi ya mwaka uliopita, huanza Januari, mwisho Juni 30, lakini wengine wetu hukumbuka usiku wa 29. Mwaka juzi nilihama kazi mwezi wa Mei, kwa hiyo mwaka jana nikahitaji P9 mbili, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi aliyokukata mwaka mzima. Mwajiri mpya alinipa yake bila shida. Wa zamani alikuwa ameshafunga ofisi, na mhasibu wake hashiki simu. Nilimwinda wiki mbili, nikamnasia harusini Bamburi, sahani ya biriani mkononi. Siku hizi kila pesilipu naipiga picha siku ile ile. Nyinyi je?

Mfasiri Huru
Dada, shukuru una P9. Sisi wa vibarua, mteja hukata asilimia 5 ya malipo kama kodi kabla ya kulipa, aipeleke KRA kwa PIN yangu (nambari ya mlipa kodi). Cheti cha makato hayo ndicho kinachonipunguzia deni. Nilidhani vyeti huja vyenyewe. Juni nafungua iTax, ile tovuti ya KRA ya kufaili, nakuta vinne, na kazi nilifanya saba! Watatu walikata, hawakupeleka. Sasa nina daftari: mteja, tarehe, kiasi alichokata. Februari nalinganisha na iTax, asiyeonekana namsumbua mapema, kabla hajasahau kwamba ananijua.

Kijana wa Voi
Mimi nilichukua PIN mwaka wa kwanza chuoni kwa ajili ya mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), nikaisahau. Nani angejua kwamba hata asiye na senti anatakiwa kufaili? Nilipopata kazi nikakuta faini ya 2,000 kwa kila mwaka niliolala. Miaka minne, elfu nane, na mshahara wa kwanza sijauona. HELB nayo inasubiri mlangoni.

Mama Zuhura
Pole mwanangu. Ila hiyo ritani ya sifuri, ya asiye na kipato, nayo ina mambo. Kijana wa saiba (duka la intaneti) alinifailia ya sifuri kwa shilingi 200, akanipa risiti, nikarudi nyumbani na furaha zangu. Kumbe mwajiri alishapeleka makato yangu kila mwezi, basi huku naonekana nimelipwa, kule nimesema sina kitu. Nikaambiwa nirekebishe. Nambari ya siri sina. Naomba mpya, naambiwa imetumwa kwenye barua pepe yangu. Barua pepe gani? Yule kijana aliandika yake siku aliponitolea PIN! Na saiba ilishageuka duka la chipsi. Ilibidi nipande matatu hadi Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na kitambulisho changu, wabadilishe, ndipo nikaweza kuingia. Sasa naenda Februari, foleni hakuna, nambari ya siri nimeiandika nyuma ya kalenda. (Najua, msinigombeze.)

Fundi Saa
Wenye bima ya maisha, ombeni cheti kwa kampuni mapema. Asilimia 15 ya mlichochangia hutolewa kwenye kodi, isizidi 60,000 kwa mwaka. Mimi niliikosa miaka mitatu kwa uvivu wa kuandika ujumbe mmoja.

Kijana wa Voi
Hata kwa asiyefikisha hiyo 60,000?

Fundi Saa
Hata. Chako ni chako. Ila bila cheti usiijaze.

Binti wa Likoni
Mama Zuhura, hiyo ya barua pepe imenishtua. PIN yangu pia nilitolewa saiba. Ngoja nikaangalie barua pepe iliyoandikwa pale ni ya nani.