Nina duka na mikorosho Masasi, sina mwajiri: pensheni nianzie wapi, na huyu mshauri nimkubalie?

MamaDuka_Masasi
Habarini wakuu, hasa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi. Nina miaka 43, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Masasi na mikorosho kidogo upande wa Lulindi. Sijawahi kuajiriwa kwa iyo hakuna anaenikatia mchango, na saivi nimeanza kuogopa mana namuona mama yangu anavyotegemea sisi watoto kwa kila kitu mpaka hela ya dawa, sitaki wanangu wabebe mzigo huo. Sasa kaja kijana dukani anasema yeye ni mshauri wa fedha, anataka anipangie pensheni binafsi ya miaka 20, laki na nusu kila mwezi, ndani kuna bima ya maisha na akiba, na yeye nisimlipe chochote. Shida hela yangu ni ya msimu, korosho zikilipwa watu wanajenga duka linachangamka, ikifika mwezi wa tatu wa nne hakuna kitu. Nisaini au kuna njia nyingine?

Nachi_Fundi
Dada usisaini kwanza. Kama wewe humlipi basi kuna anaemlipa, na mara nyingi ni kampuni ya bima kwa kamisheni ya kila mteja anaemleta, kwa iyo huyo ni wakala. Uwakala sio kosa ila hawezi kukwambia kwamba kitu cha jirani kinakufaa zaidi. Muulize maswali mawili na ajibu kwa maandishi: nikishindwa kulipa mwaka wa pili au wa tatu narudishiwa kiasi gani, na katika kila laki na nusu ngapi inaenda kwenye bima na makato na ngapi ndo akiba yangu. Shangazi yangu alikatisha bima ya namna hiyo baada ya biashara kuyumba, alichorudishiwa hakifiki hata nusu ya alichochanga. Kwa mtu wa hela ya msimu mkataba wa kila mwezi ni hatari.

Mzee_Mikindani
Mwanangu piga hesabu ya umri kabla ya kitu kingine. NSSF, yani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, inapokea watu waliojiajiri, unachangia kwa siku, wiki, mwezi au msimu, hiyo ya msimu ndo inakufaa wewe. Lakini ili upate pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako lazima uwe na michango ya miezi 180, yani miaka 15. Una 43, mpaka 60 ni miezi 204, kwa iyo una miezi 24 tu ya kupoteza. Ukikaa miaka mitatu ukifikiria, ukifika 60 hujatimiza, utapewa mkupuo tu, yani hela ya mara moja. Hili naliona linawapita wengi huku kwetu, wanashtuka na miaka 52.

Binti_wa_Ruangwa
Mi naona mikorosho yenyewe ndo pensheni, ongeza shamba, bibi yangu mpaka leo anakula korosho zake na ufuta juu.

Mzee_Mikindani
Binti shamba ni zuri asiliuze, ila 2018 ulikuwa wapi? Bei mnadani ilikataliwa, serikali ikanunua kwa 3,300 kwa kilo na watu wamesubiri malipo miezi. Mnada wa kwanza wa 2024 bei ikapita 4,000. Huwezi kuwa na miaka 70 unategemea kitu kinachopanda na kushuka hivyo, alafu palizi na kupulizia salfa utafanya na nguvu gani? Wengine ndo hao wanaishia kuuza kangomba, yani korosho kwa bei ya kutupa kabla hata ya mavuno, mwezi wa saba kwa sababu ya shida ndogo.

Shangani_Boy
Naunga mkono NSSF iwe msingi. Kinachobaki msimu ukiwa mzuri peleka UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya serikali, ununue vipande, yani sehemu yako kwenye mfuko. Mfuko wa Ukwasi hauna ada ya kuingia wala kutoka na unaweka ukiwa nazo, ila faida haina ahadi ujue hilo. Ukifikisha milioni 1 kuna hatifungani za serikali za miaka mingi, yani unaikopesha serikali, riba unalipwa mara mbili kwa mwaka, na BoT, Benki Kuu, ina tawi hapa Mtwara mjini, nenda kaulize. Kuhusu mshauri, wa kweli wapo, unamlipa mwenyewe ada na hana cha kukuuzia. Wa uwekezaji awe na leseni ya CMSA, wasimamizi wa masoko ya mitaji, wa bima awe amesajiliwa TIRA, wasimamizi wa bima, mwambie akuonyeshe na uhakiki mwenyewe. Ila kwa kiwango chako sioni kama unamuhitaji saivi, labda siku ukiuza kiwanja ukawa na hela nyingi kwa mpigo.

MamaDuka_Masasi
Asanteni sana, na shikamoo mzee. Ile ya miezi 24 imenitoa usingizi kwa kweli. Nimempigia kijana, kwenye swali la mwaka wa pili kasema hapo hakuna kurudishiwa, nimemwambia basi. Jumatatu nafuata mzigo Mtwara, ntapitia NSSF. Nibebe nini?

Shangani_Boy
Namba ya NIDA na majina ya warithi wako yaliyoandikwa kama yalivyo kwenye vyeti vyao. Na kila ukilipa tunza risiti, alafu hakiki kwenye taarifa yako ya michango kama imeingia.