Tupeane uzoefu: nani ameshachomwa sindano za Kichina kwa ajili ya wasiwasi na tumbo?

Mzee wa Daladala (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Natafuta waliokwenda akupancha, yaani hizo sindano za Kichina, kwa sababu ya wasiwasi na tumbo kwa pamoja. Wa mgongo na magoti mtupishe kidogo, nyie mmeshaongea sana.

Miaka 3 mimi nilitibiwa taifodi. Tumbo likivuruga, napimwa damu, kipimo cha taifodi, Widal, kinasoma, napewa dozi, nakaa wiki, tunarudi palepale. Nikahamishiwa amiba, halafu vidonda vya tumbo. Siku moja daktari mmoja mtu mzima akaniuliza, "Kijana, hilo tumbo Jumamosi linakuuma?" Nikafikiri. Haliumi. Linaanza Jumapili usiku, na Jumatatu kabla sijafika kituoni nimeshaingia chooni mara 4. Akanipima upya, choo, damu, hadi kamera ya tumboni. Hakuna kidonda, hakuna mdudu. Akasema ni IBS: utumbo wenyewe hauna kidonda wala mdudu, ila unapokea kila taharuki ya kichwa, na wenyewe ukivurugika unakirudishia kichwa hofu.

Dawa alinipa, akupancha nikaitafuta mwenyewe. Vikao 8, kimoja kwa wiki. Sindano ni nyembamba sana na haina dawa ndani, kwa hiyo usiende na kumbukumbu za kwinini. Nilichomwa mguuni kwa nje, vidole 4 chini ya goti, na upande wa ndani wa mkono, vidole 3 kutoka kwenye kifundo. Ya mguuni haikuuma, ilileta uzito kama mguu umefungiwa jiwe. Mchomaji akatabasamu, kumbe ndicho anachokitafuta. Wachina wanakiita de qi. Kisha anakuacha dakika 25.

Usingizi ulirudi kikao cha 3. Moyo kwenda mbio ukapungua. Tumbo lina gesi ileile, ila Jumatatu sasa naingia mara 1 au 2. Nisichoelewa: ni sindano, au ni zile dakika 25 nimelala kimya, simu iko kwenye begi na hakuna wa kuniita? Tangu nianze kazi sijawahi kulala hivyo mchana.

Bi Karafuu

Sie Unguja madaktari wa Kichina si wageni, wanakuja tangu 1964. Mie nilipelekwa na dada yangu baada ya msiba wa baba. Nikishikwa na hofu mikono inarowa jasho, kifua kinabana, naona leo ndiyo siku yangu.

Siku ya kwanza nilizimia. Nilikwenda bila ya kula, nikadhani ni kama kupimwa damu. Kula kitu kabla, hata kama ni chai na mkate.

Kilichonigusa ni yale masuali. Daktari Kiswahili chake "pole" na "lala", lakini mkalimani aliniuliza choo, ndoto, siku zangu, baridi ya miguu, akataka na kuuona ulimi. Ulimi! Nilikuwa nimeshazunguka kwa matabibu wangapi na hakuna aliyeniuliza kama nalala. Nikalia palepale na sindano zangu mwilini. Vikao 12, na ile hofu ya kuona nakufa haijanirudia kwa nguvu ile. Tumbo langu la choo kigumu lakini halikutikisika. Hilo lilisaidiwa na mapapai na maji.

Mkaaji wa Roysambu

Kwangu ilikataa. Vikao 6, kila kimoja shilingi 3,500 za Kenya, na msongamano wa Thika Road hapa Nairobi kwenda na kurudi. Nikifika pale, wasiwasi wa kukosa choo njiani umeshanimaliza.

Kilichonifaa ni kuacha kwa muda maharagwe, vitunguu, chapati na maziwa, halafu kurudisha kimoja kimoja nikiandika kwenye daftari. Vitunguu ndivyo vilikuwa adui. Jaribu wewe kumweleza mama mkwe kwamba huli chakula chenye kitunguu.

Muuguzi wa Zamu

Mzee wa Daladala, swali lako la dakika 25 ndilo watafiti wanalobishania. Uingereza walichukua wagonjwa 233 wa IBS, nusu wakaongezewa akupancha juu ya matibabu ya kawaida. Matokeo yalitoka 2012: waliochomwa walipata nafuu zaidi. Lakini mwaka huohuo uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti nyingi kwa pamoja, ukaonesha kwamba mgonjwa akichomwa sindano za geresha bila kujua, nafuu inakuwa ileile. Mimi simkatazi mgonjwa. Namwambia asiache dawa zake, na aangalie sindano inatolewa kwenye pakiti mbele ya macho yake na kutupwa ikishatumika.

Kontena Moja

Niko Guangzhou kwenye mizigo. Huku kuchomwa ni kama kunyoa, watu wanapanga foleni. Mimi waliniunganishia na waya za umeme mdogo, miguu ikawa inaruka yenyewe. Halafu wakachoma majani fulani makavu juu ya kitovu, harufu yake nikajua leo nakamatwa, nikadhani ni bangi. Kumbe ni dawa. Tumbo lilipoa siku ileile, likarudi kontena lilipokwama bandarini.

Mama Wawili

Niongeze la uchungu. Shangazi yangu alichomwa miezi 5 kwa "gesi". Alikuwa anapungua, na choo kina damu, lakini hilo la damu aliona haya kulisema. Alipopelekwa hospitali ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Damu, kukonda, homa zisizoisha, au tumbo limeanza kusumbua umri umeshapita 50: kamera kwanza, sindano baadaye.

Mzee wa Daladala

Pole sana Mama Wawili. Mimi bila yule daktari aliyeniuliza kuhusu Jumamosi nisingepimwa kwa kamera hadi leo.

Bi Karafuu, ulimi wangu na mimi aliuangalia, akasema una alama za meno pembeni. Hakunieleza maana yake. Ulielezwa?

Bi Karafuu

Nilielezwa. Mkalimani akasema, "Daktari anasema unafikiri sana." Nikamwambia hilo hata mama anajua.