Dansi ya tapu: ya Waayalandi au ya Waafrika? Na vyuma viliingia lini?

Mguu_Mwepesi: Habari wakuu. Dansi ya tapu ya Marekani, ile ya kugonga sakafu kwa viatu, wengine wanasema ni ya Waayalandi, wengine ni ya Waafrika. Ipi kweli? Na vyuma vya soli vilikuwepo tangu mwanzo?

Ngoma_Kavu: Mkuu, ina wazazi wengi. Baada ya maasi ya watumwa ya Stono ya 1739, sheria ya South Carolina ya 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma na tarumbeta, kwa hofu kwamba wangeitana kwa mlio wake. Mdundo ukahamia mwilini: viganja mapajani na kifuani, visigino chini. Hiyo ndiyo juba. Waayalandi walikuja na jigi, dansi yao ya miguu ya haraka, watu wa Lancashire, Uingereza, na viatu vya soli ya mbao. Walikutana kwenye mitaa ya maskini kama Five Points, New York. Hapo ndipo alipong'ara William Henry Lane, mchezaji mweusi aliyeitwa "Master Juba". Mwaka 1844 alishindana na John Diamond, bingwa mzungu wa jigi, na 1848 alikuwa akicheza London.

Soli_ya_Mbao: Juu ya vyuma: Lane hakuwa navyo. Enzi zake ilikuwa mbao au ngozi ngumu, na baadaye wengine wakapigilia misumari au sarafu. Vyuma vilienea karne ya 20. Hata Bill Robinson, mchezaji aliyevuma kwa dansi ya kupanda na kushuka ngazi, alipenda soli za mbao. Yeye alicheza juujuu, kwenye vidole. Mchezaji mwingine, John Bubbles, ndiye aliyeshusha visigino na kupunguza kasi, akapata nafasi ya kupachika sauti nyingi zaidi ndani ya pigo moja. Kwangu mimi hayo ni mageuzi makubwa kuliko chuma chenyewe.

Mguu_Mwepesi: Asanteni sana. Naweza kuanza bila vyuma?

Ngoma_Kavu: Unaweza kabisa, kwa soli ngumu ya ngozi. Anza na shafo: uzito wote mguu wa kushoto, wa kulia upangusie sakafu mbele, kisha urudi, kwa ile sehemu ya wayo iliyo nyuma ya vidole. Sikiliza sauti mbili, ta-ta. Ukisikia mkwaruzo mmoja, umekaza kifundo. Kilegeze, na goti pia.

Soli_ya_Mbao: Na usifanyie kwenye zege, halinepi, litakuumiza magoti na ugoko. Tandika ubao.